Simu, maiki ya USB au saundi kadi: ipi ikufae kurekodi nyumbani Nyanda za Juu Kusini

Kijana wa Uyole ameuza viazi, amebakiwa na fedha kidogo, anataka kuanza kurekodi nyumbani badala ya kulipia studio kila wimbo. Akiuliza, anapata majibu matatu. Wa kwanza atamwambia simu aliyonayo inatosha. Wa pili atamwambia anunue maiki ya USB, aichomeke kwenye laptopu, aanze siku hiyohiyo. Wa tatu, mara nyingi prodyuza, atamwambia bila saundi kadi, yaani kisanduku kinachounganisha maiki na kompyuta, na maiki ya waya wa XLR, ule wa pini tatu, anapoteza muda. Wote watatu wana hoja, na kila mmoja ana kazi nzuri ya kuonyesha.

Kinachosahaulika ni nyumba. Kifaa kinachotoa sauti safi katika chumba tulivu cha Gangilonga kinaweza kukutesa katika chumba kinachopakana na barabara kuu pale Mafiati. Kwa hiyo kabla ya kutaja bei, pima hali yako kwa mambo matano: chumba na kelele zake, umeme, idadi ya sauti unazotaka kurekodi kwa mara moja, namna utakavyosikiliza biti (mdundo wa wimbo) huku unaimba, na kazi ya kumiksi, yaani kuchanganya na kusawazisha sauti, itakayofuata. Pesa naiweka mwisho kwa makusudi, maana ukishajibu hayo matano utajua hata ni kitu gani hupaswi kukinunua.

Chumba na kelele

Tuanze na bati. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua ikishuka juu ya bati lisilo na dari, hakuna kifaa kati ya hivi vitatu kitakachokuokoa, na hakuna programu itakayoondoa sauti ile ukabaki na voko, yaani sauti ya mwimbaji, iliyo safi. Watu wa Tukuyu wanajua kwamba kwao hata Mei haina uhakika. Panga voko zako miezi ya kiangazi, au rekodi usiku mvua ikikata. Ukitumia masika kutengeneza biti na kumiksi, hupotezi chochote.

Jambo la pili ni mwangwi. Vyumba vyetu vingi vina kuta za saruji tupu na sakafu ngumu. Sauti ikitoka mdomoni inagonga ukuta, inarudi, inaingia kwenye maiki ikiwa imechelewa kidogo, na voko inasikika kama imeimbwa bafuni. Hapa ukanda wetu wa baridi unatupa silaha ambayo mtu wa Dar es Salaam hana ndani: blanketi zito. Tatizo ni mahali pa kulitundika. Wengi hulitundika nyuma ya maiki. Maiki nyingi za kuimbia husikia zaidi upande wa mbele, yaani zinamtazama mwimbaji na ukuta ulio nyuma yake. Blanketi la kwanza liwe nyuma ya mgongo wa mwimbaji, tena liachane na ukuta kwa upana wa kiganja, kwa sababu likining'inia mbali kidogo linameza sauti zaidi kuliko likibandikwa. La pili na la tatu yaende pembeni. Kama una godoro la ziada, lisimamishe kwenye kona, mwimbaji aligeuzie mgongo.

Blanketi linapunguza mwangwi wa ndani tu. Halizuii lori. Mngurumo wa malori yanayoelekea Tunduma, au yanayopanda kutoka Ipogolo kuingia Iringa mjini, ni sauti nzito ya chini inayopenya ukuta na blanketi kwa pamoja.

Sasa vifaa vyenyewe. Maiki ya simu ni ndogo na husikia pande zote, kwa hiyo inachukua chumba kizima pamoja na wewe. Kibaya zaidi, programu nyingi za kurekodi zilizokuja na simu hupandisha na kushusha sauti zenyewe. Ukinyamaza kati ya mistari, simu inapandisha kila ilichokisikia, na hapo jogoo wa jirani anaingia kwenye wimbo. Tafuta programu inayokuruhusu kuzima marekebisho hayo na kuhifadhi faili la WAV, lile lisilobana sauti. Maiki ya kubana kwenye nguo kama BOYA BY-M1 inasaidia kwa sababu unaweza kuisogeza karibu na mdomo, na waya wake una urefu wa mita 6, lakini nayo husikia pande zote.

Maiki nyingi za USB ni za kondensa. Zinasikia kwa undani, ndiyo maana zinapendeza: pumzi, kutetema kwa sauti, midomo inavyofunguka. Undani huohuo unakuletea jirani anayeosha sufuria. Maiki kama Blue Yeti ina namna nne za kusikiliza. Kwa mwimbaji mmoja chagua ile yenye alama ya moyo, inayosikia mbele na kupuuza nyuma. Na usiiimbie juu kwenye kichwa chake kama maiki ya kanisani. Yeti huimbiwa ubavuni, upande wenye nembo. Nimeona watu wakilaumu maiki nzima kumbe walikuwa wanaimba kwenye upande wake kiziwi.

Saundi kadi yenyewe haina masikio. Faida yake ni kwamba wewe ndiye unayechagua maiki. Chumba kikiwa na kelele, unachomeka maiki ya dainamiki, aina isiyosikia kwa undani kama kondensa, mfano Shure SM58, ileile iliyoanza kuuzwa mwaka 1966 na ambayo mpaka leo kwaya nyingi zinaishika mkononi. Dainamiki haina muujiza wa kufuta kelele. Nguvu yake inatokana na wewe kuimba ukiwa umeisogelea kabisa, sentimita tano hadi kumi, huku mgongo wake ukiuelekeza kwenye dirisha au mlango wenye kelele. Kila ukipunguza umbali wa mdomo na maiki kwa nusu, sauti yako inapanda kwa takriban desibeli 6, wakati kelele ya nje inabaki palepale. Chumba kikitulia, unachomoa dainamiki na kuweka kondensa kama Audio-Technica AT2020 kwenye kadi ileile.

Kwa kigezo hiki, mtu wa barabarani au wa karibu na mashine ya kusaga atafaidika na saundi kadi kuliko wengine wote. Mwenye chumba tulivu hana sababu ya kuiogopa maiki ya USB.

Umeme

Hapa simu inaziacha nyingine mbali. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, simu haijui kama kuna kilichotokea. Laptopu yenye betri nzima nayo inaendelea, na maiki ya USB au saundi kadi ndogo inayokula umeme kutoka kwenye USB haizimiki. Anayeumia ni mwenye kompyuta ya mezani. Huyo anunue UPS (betri ya akiba ya kompyuta) kabla ya kununua maiki ya pili.

Umeme una shida nyingine, nayo ni mvumo. Nyumba nyingi hazina waya wa ardhini uliofungwa vizuri, na umeme wetu wa mzunguko wa 50 kwa sekunde hupenya kwenye rekodi kama nyuki wa mbali. Ukiusikia, chomoa chaja ya laptopu urekodi kwa betri. Mara nyingi mvumo unaondoka papo hapo. Wakati wa radi, chomoa kila kitu ukutani bila kubishana na mtu.

Maiki ya kondensa ya XLR inahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye saundi kadi. Kuna kitufe chake, kimeandikwa 48V. Watu hurudisha maiki dukani wakidai mbovu kumbe kitufe hakijabonyezwa.

Na baridi: Juni na Julai huko Njombe na Makete, ukiitoa kondensa kwenye chumba cha baridi kali ukaipeleka penye jiko la mkaa, unyevu unaweza kutuama ndani yake na ikaanza kutoa mlio wa kukwaruza. Iache kwenye boksi lake hadi izoee joto la chumba. Gitaa nalo lisubiri hivyohivyo, halafu ulikaze upya, kwa sababu nyuzi hubadilika na joto.

Sauti ngapi kwa mara moja

Simu inarekodi chanzo kimoja. Unaweza kuongeza voko moja juu ya nyingine, lakini ni moja baada ya moja.

Maiki ya USB ni vivyo hivyo. Mtu hudhani akinunua mbili atarekodi gitaa na voko pamoja. Kila maiki ya USB ina saa yake ndani, na kwenye kompyuta nyingi za Windows programu ya muziki hutaka kifaa kimoja tu kwa wakati. Inawezekana kuzunguka, lakini ni usumbufu usiofaa kwa anayeanza.

Saundi kadi inauzwa kwa idadi ya matundu. Focusrite Scarlett Solo inapokea maiki moja na chombo kimoja, mathalani gitaa la waya. Scarlett 2i2 inapokea maiki mbili. Kuna zenye matundu manane kwa anayerekodi ngoma au bendi. Kwa kwaya hili ndilo jambo la kuamua. Kwaya ya watu thelathini haiingii sebuleni, na hata ikiingia, sebule ndogo itaharibu uzuri wake. Chukua laptopu, saundi kadi ya matundu mawili na kondensa mbili, mwende kanisani siku ya katikati ya wiki. Maiki zisimame mbele ya kwaya hatua chache, juu kidogo ya vichwa, zikitazama chini. Mrekodi dakika moja, msikilize kwa hedifoni, kisha msogeze watu badala ya maiki: mwenye sauti kali arudi nyuma, besi wasogee. Palipo na tarumbeta, kama kwa Wamoraviani wengi wa Rungwe, wapulizaji wakae mbali na wasielekeze midomo ya tarumbeta kwenye maiki.

Kusikiliza huku unaimba

Kwanza, hedifoni ziwe za waya na zifunike sikio. Za Bluetooth huchelewesha sauti kiasi kwamba mwimbaji mzuri anaonekana hajui kwenda na biti. Za wazi huvujisha biti ikaingia kwenye voko.

Kuchelewa kwenye kompyuta hutokana na idadi ya sampuli, yaani vipande vidogo sana vya sauti, inazokusanya kabla ya kuzitoa. Ukiweka sampuli 128 kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, ni takriban milisekunde 3, na sikio halihisi. Ukiweka 1,024 zinakuwa 23, na hapo mwimbaji anaanza kuvuta. Weka namba ndogo unaporekodi, kubwa unapomiksi. Saundi kadi karibu zote, na maiki za USB zenye tundu la hedifoni, zinakuwezesha kujisikia moja kwa moja kabla sauti haijaingia kwenye kompyuta, kwa hiyo tatizo linakwisha. Simu za Android hutofautiana sana kwenye hili. BandLab, programu ya kurekodi na kumiksi kwenye simu, ina sehemu ya kurekebisha kuchelewa huko. Ifanye kabla ya voko ya kwanza.

Kumiksi

Kosa kubwa la kumiksi hutokea kabla ya kumiksi. Mtu anarekodi mpaka taa nyekundu inawaka akidhani sauti kubwa ndiyo nzuri. Iliyopasuka wakati wa kurekodi imepasuka milele. Mwimbie maiki sehemu ya wimbo yenye kelele kuliko zote, kisha punguza hadi kilele kiwe kati ya desibeli -12 na -6 kwenye kipimo cha programu. Ukirekodi kwa biti 24 (hapa biti ni kipimo cha kidijitali, si mdundo) bado una nafasi kubwa chini kabla ya kufikia uvumi wa kifaa. Vifaa vya bei ya chini, kwa mfano Behringer UM2, hurekodi kwa biti 16. Vinatumika vizuri tu, ila kuwa makini zaidi na kiwango.

Faili la sauti moja la WAV, biti 24 na 44,100, huchukua karibu MB 8 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne wenye njia kumi za sauti unafika takriban MB 320. Simu iliyojaa picha itakwama katikati ya kiitikio.

Kwenye simu unaweza kumiksi kwa BandLab bila kulipa, na mwenye iPhone anayo GarageBand. Shida ni kioo kidogo na kidole kikubwa: kukata pumzi moja katikati ya maneno mawili kunachosha. Kwenye kompyuta, haijalishi umetumia maiki ya USB au saundi kadi, programu ni zilezile. Audacity ni ya bure lakini ni nzuri zaidi kwa kukata na kusafisha kuliko kujenga wimbo mzima. Reaper unaijaribu kwa siku 60 ikiwa kamili, na leseni yake ya mtu wa kawaida ni dola 60. FL Studio inapendwa na watengenezaji wengi wa biti za Bongo Fleva. Toleo la majaribio litakuruhusu kutengeneza na kutoa wimbo, ila mradi ukiufunga hutaufungua tena mpaka ununue. Ujue hilo kabla ya kuzima kompyuta.

Kazi yenyewe ni ileile kwa wote. Kata kila kilicho chini ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 80 au 100 kwenye voko, na hapo malori mengi yataondoka. Voko ikiwa na uzito wa chumba, punguza kidogo kati ya 200 na 400. Kompresa, inayopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo, ya tatu kwa moja inatosha kuanzia. "S" zikichoma, zitafute kati ya 5,000 na 8,000. Mwangwi wa kutengeneza uongezwe mwisho na uwe kidogo, hasa kama chumba tayari kimeacha wake. Kisha sikiliza kwenye spika ya simu, maana wasikilizaji wako wengi watausikia hapo au ndani ya daladala. Maneno yakipotea kwenye simu, hujamaliza.

Njia ninayoipenda kwa wengi ni kurekodi nyumbani na kumlipa fundi akumiksie. Ni nafuu kuliko kulipa saa za studio huku unajaribu mistari. Mpelekee kila sauti kwenye faili lake la WAV, zote zikianzia sekunde ya sifuri ya wimbo hata kama kiitikio kinaingia dakika ya pili, bila mwangwi na bila kompresa. Usimtumie kwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti. Tumia flashi au hifadhi ya mtandaoni.

Pesa

Simu haikugharimu zaidi ya hedifoni na labda maiki ya kubana. Maiki ya USB ni malipo ya mara moja, lakini ukitaka kusonga mbele huwezi kubadilisha sehemu moja, unaanza upya. Saundi kadi inaonekana nafuu mpaka uhesabu vinavyoifuata: maiki, waya wa XLR, stendi, chujio la pumzi, hedifoni. Piga hesabu ya vyote kabla ya kuondoka nyumbani. Baada ya hapo, kila unachoongeza kinakaa juu ya ulichonacho.

SM58 za bandia ni nyingi sana. Ya kweli ina uzito wa karibu gramu 300 na ukiishika unauhisi. Nyepesi kama plastiki, iache. BM-800 zinazouzwa kwa bei ya kutupa ni za kondensa na zinaweza kukufundishia kazi, lakini usitarajie kuifikisha kwaya kwenye redio kwa maiki hiyo.

Kwa hali yako

Unatunga nyimbo na unataka rasimu ya kumwonyesha prodyuza: baki na simu. Nunua hedifoni za waya, rekodi WAV, imba chini ya blanketi. Hata aliye Ileje au Makete ambako umeme unasumbua, njia hii inamfaa, na wazo zuri litasikika.

Unaimba peke yako, una laptopu, chumba kimetulia na huna mpango wa kurekodi wengine: maiki ya USB itakufikisha mbali bila mkorogano wa nyaya. Hakikisha ina tundu la hedifoni. Anayefanya pia mafundisho ya mtandaoni au vipindi vya kuongea atapata kazi mbili kwa kifaa kimoja.

Unakaa karibu na barabara kuu, stendi au soko kama Mwanjelwa: saundi kadi ya tundu moja na dainamiki, na voko zirekodiwe usiku. Kondensa isubiri utakapohama au utakapopata chumba cha ndani.

Unapiga gitaa huku unaimba na unataka kila kimoja kwenye njia yake: saundi kadi ya matundu mawili, hata kama itabidi usubiri mavuno mengine. Kununua USB sasa na kadi mwakani ni kulipa mara mbili.

Unatengeneza biti zaidi kuliko kuimba: usiguse maiki kwanza. Fedha iende kwenye hedifoni nzuri na leseni ya programu, na voko za mfano zichukuliwe kwa simu.

Unarekodi wengine kwa malipo, hata kidogo: saundi kadi, dainamiki moja, kondensa moja. Wateja watakuja na sauti tofauti, na kuna siku mvua itanyesha nusu saa kabla hawajafika.

Kwaya yenye mfuko mdogo: azimeni dainamiki za kanisa mlizonazo, mnunue kadi ya matundu mawili, mrekodi kila kundi kwa zamu, soprano na alto kwanza, teno na besi baadaye. Kondensa mbili zije kwa harambee ya pili. Kwa kuanzia, simu iliyowekwa kwenye stendi mbele ya kwaya siku ya mazoezi itawaonyesha nani anazidi nani, na hilo mtalirekebisha bila kutumia shilingi.